Seli T zilizochoka kabla dawa haijazifikia

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu namna deksamethasoni, dawa ya steroidi, inavyopunguza nguvu za seli T (seli nyeupe za kinga) za watu wazima wenye afya. Kila mtu natoa damu mililita 20 kliniki, saa tatu asubuhi, kwenye tyubu za heparini (inayozuia damu isigande). Damu inakaa kwenye kiboksi chenye pakiti za barafu, inafika maabara saa kumi jioni, naitenganisha kwa Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganishia seli) kesho yake asubuhi. Seli nazihifadhi kwenye friza ya nyuzi hasi 80. Sasa zina miezi minne. Nikiyeyusha, rangi ya tripani, inayopaka seli mfu, inaonyesha asilimia 81 ni hai, ila kunakuwa na mabonge kama makamasi. Siku hiyo hiyo natia PHA (kichocheo cha seli T) na brefeldini (inayofungia protini ndani ya seli) kwa pamoja, saa sita, kisha napima interferoni gama, protini inayotengenezwa na seli T iliyoamka, kwenye flosaitometa (mashine inayosoma seli moja moja kwa mwanga), nikikusanya seli T 5,000 kwa kila kisima. Bila PHA napata asilimia 0.15, na PHA asilimia 0.2. Deksamethasoni, ampuli ya duka la dawa ya miligramu 4 kwa mililita, nimeipunguza mara 100, mara 1,000 na mara 10,000, na zote tatu zinarudisha namba kwenye 0.15. Je, dawa ina nguvu kiasi hicho, au nimekosea mahali? Nimebakiwa na vichupa 24.

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kuleta namba zote, maana jibu limo humo humo. Dawa bado hujaipima. Kwenye seli T 5,000, asilimia 0.15 ni seli saba au nane; asilimia 0.2 ni seli kumi. Tofauti ya seli mbili tatu inaweza kutokea hata ukisoma kisima kile kile mara mbili. PHA haikuamsha chochote, kwa hiyo deksamethasoni haikuwa na moto wa kuzima. Hilo ndilo la kushughulikia kwanza, na lilianzia kliniki, saa nyingi kabla hujagusa dawa.

Pakiti za barafu zinaonekana kama uangalifu, na kwa vipimo vingi vya damu ni uangalifu kweli. Kwa seli T ni madhara. Ficoll ina uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, na kazi yake yote inategemea jambo moja: limfosaiti (kundi lenye seli T) na monosaiti ni nyepesi kuliko hapo, kwa hiyo zinabaki juu, seli nyekundu na granulosaiti (seli nyeupe zenye chembechembe, nyingi zikiwa nyutrofili) ni nzito, zinazama. Damu ikipigwa baridi, au ikilala usiku kucha, granulosaiti zinaamka, zinavimba na kuwa nyepesi. Kesho yake haziendi chini tena. Zinabaki kwenye utando mweupe pamoja na seli unazozitaka, na wewe unazinyonya zote kwa pipeti bila kujua.

Hapo zinaharibu mara mbili. Kwanza, nyutrofili zilizoamka humwaga kimeng'enya kiitwacho ajinesi, kinachokula ajinini (asidi amino) iliyomo kwenye kimiminika. Seli T ikikosa ajinini hushindwa kutunza mnyororo wa zeta wa CD3, yaani waya unaopeleka habari kutoka kwenye kipokezi hadi ndani ya seli. Seli inabaki hai, ukiipaka tripani haipakiki, lakini ukiigonga haisikii. Pili, granulosaiti hazivumilii kugandishwa. Ukiyeyusha zinapasuka, DNA yake inatoka, na DNA hiyo ndiyo makamasi unayoyaona. Seli T nzima nzima zinanaswa humo na kwenda na bonge unapolitupa.

Kwa hiyo damu ibaki kati ya nyuzi 18 na 25 na ianze kutenganishwa ndani ya saa nane. Ikitolewa saa tatu asubuhi, mwisho wako ni saa kumi na moja jioni. Ikifika saa kumi, anza jioni ile ile. Kazi nzima hadi kugandisha ni kama saa tatu. Kama mji wako una joto la nyuzi 32, usirudi kwenye barafu: weka ndani ya kiboksi chupa za maji zilizopozwa hadi nyuzi 20 hivi, funga tyubu kwa kitambaa zisigusane nazo, weka kipimajoto, na andika namba mzigo unapoondoka na unapofika. Kama kliniki haiwezi kubadilika, badilisha kliniki. Hakuna ufundi wa maabara unaorudisha kilichopotea usiku ule.

Kwenye kutenganisha nina machache. Changanya damu na PBS (maji ya chumvi yenye bafa) nusu kwa nusu. Kwenye tyubu ya mililita 50 weka Ficoll mililita 15 iliyokwisha kufika joto la chumba, kisha teremsha juu yake mchanganyiko mililita 30, tyubu ikiwa imeinamishwa, taratibu, ili mpaka wa rangi mbili usivurugike. Zungusha kwa g 400 (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Angalia kama mwongozo wako umeandika g au mizunguko kwa dakika, kwa sababu hapo watu wengi huteleza. Rota (kichwa cha mashine kinachozunguka) yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inahitaji mizunguko 1,890 hivi kufikia g 400. Ukipeleka mizunguko hiyo hiyo kwenye rota ya sentimita 17 unapata karibu g 680, na limfosaiti nyingi zinapotea. Hesabu ni 0.00001118 mara nusu kipenyo kwa sentimita mara mizunguko kipeo cha pili. Pima rota yako kwa rula, fanya hesabu mara moja, bandika jibu kwenye mfuniko wa mashine.

Osha mara mbili: g 300 kwa dakika 10, halafu g 200 kwa dakika 10. Ule wa pili unaziacha chembe sahani juu, nazo ukiziacha zitagandisha seli zako kuwa vibonge. Punje ya seli iliyo chini ya tyubu ikiwa nyekundu, kama inavyotokea mara nyingi kwa mtu mwenye selimundu au upungufu wa damu, weka kimiminika cha amonia kloridi, kinachopasua seli nyekundu, dakika tano, kisha osha tena.

Sasa kuhesabu. Mikrolita 10 za seli, mikrolita 10 za tripani ya asilimia 0.4, soma ndani ya dakika tatu hadi tano kwa sababu rangi yenyewe ni sumu. Tuseme pembe nne za chemba ya Neubauer zina seli hai 212 na zilizopakika buluu 28. Wastani wa hai ni 53. Mara 2 kwa ajili ya rangi, mara 10,000, ni seli milioni 1.06 kwa mililita. Uhai ni 212 kwa 240, asilimia 88. Kwa damu iliyoshughulikiwa siku ile ile, kabla ya kugandisha, asilimia 88 ni ndogo. Tarajia 95 na zaidi. Namba hii iandike kwenye kichupa na kwenye daftari. Bila hiyo, ukiyeyusha hutajua kama seli ziliuawa na damu iliyolala au na friza. Wakati uko kwenye hadubini, angalia pia maumbo: ukiona seli nyingi zenye chembechembe ndani, hizo ni granulosaiti. Kwenye flosaitometa zinajitokeza juu kwenye mhimili wa mtawanyiko wa pembeni, mbali na wingu la limfosaiti.

Kutoka mililita 20 tarajia seli milioni 20 hadi 30. Gandisha milioni 5 hadi 10 kwa kichupa, kwenye seramu ya ndama asilimia 90 na DMSO (kiyeyushi kinacholinda seli dhidi ya barafu) asilimia 10. DMSO ikikutana na kimiminika chenye maji hutoa joto, kwa hiyo mchanganyiko utayarishe mapema na uupoze hadi nyuzi 4. Usiimimine DMSO moja kwa moja juu ya seli. Kasi ya kupoa inayofaa ni nyuzi moja kwa dakika. Kwa kasi hiyo barafu hujijenga nje ya seli kwanza, chumvi ya nje inazidi, na maji ya ndani yanatoka taratibu kabla hayajaganda. Ukienda haraka, maji yanagandia ndani na kupasua utando. Ukienda taratibu mno, seli inakauka na kuungua kwa chumvi yake yenyewe. Kopo la isopropanoli hutoa kasi hiyo ndani ya friza ya hasi 80, mradi kopo lianze likiwa na joto la chumba, na isopropanoli ibadilishwe kila baada ya matumizi matano, kwa kuwa inanyonya maji. Wengi hulihifadhi kopo ndani ya friza ili "liwe tayari". Kopo lililokwisha kuganda linazipoza seli kasi mno, na ndiyo maana vichupa vya siku hiyo huharibika vyote kwa pamoja.

Nyuzi hasi 80 ni kituo cha kulala usiku mmoja, tatu ikibidi. Si makazi. Maji yaliyomo kwenye kichupa hayatulii kabisa mpaka yashuke chini ya nyuzi hasi 135 hivi. Juu ya hapo vipande vidogo vya barafu vinaendelea kuungana na kukua, na kila mlango ukifunguliwa au umeme ukikatika vinapata nafasi zaidi. Miezi minne hapo ni mingi mno kwa seli unazotaka zifanye kazi. Unachohitaji ni mvuke wa nitrojeni, chini ya nyuzi hasi 150. Kama chuo hakina, usikate tamaa haraka: wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe hutunza mbegu za madume kwenye nitrojeni hiyo hiyo. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kipo Usa River, Arusha. Kwa wasomaji wa Kenya, kituo cha rasilimali za kijenetiki za wanyama kipo Kabete, Nairobi. Vaa miwani na glavu nene, acha dirisha wazi kwa sababu nitrojeni inaifukuza oksijeni chumbani bila harufu yoyote, na vichupa vikae kwenye mvuke, si ndani ya kimiminika. Kichupa kilichonyonya kimiminika huweza kulipuka mkononi wakati wa kuyeyusha.

Kuyeyusha: maji ya nyuzi 37, tikisa polepole, toa kikiwa bado na kipande cha barafu kama punje ya mchele. DMSO ya asilimia 10 imeijaza seli kiasi kwamba ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya kawaida inavimba na kupasuka. Kwa hiyo mililita ya kwanza ya kimiminika cha joto ingie tone kwa tone kwa dakika nzima. Baada ya hapo ongeza hadi mililita 10. Weka kimeng'enya cha kukata DNA, kwa mfano Benzonase yuniti 50 kwa mililita, na makamasi yatakwisha. Zungusha g 300 dakika 10, hesabu, kisha ziache seli zipumzike usiku kucha, milioni 1 hadi 2 kwa mililita, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Halafu hesabu tena.

Hesabu hii ya pili ndiyo ya kweli. Tripani inatambua seli ambayo utando wake umekwisha toboka. Seli iliyoamua kujiua huchukua saa kadhaa kufikia hapo, kwa hiyo asilimia 81 yako ya mara baada ya kuyeyusha ina marehemu wengi ambao hawajajulikana. Kesho yake inaweza kusoma 50. Ukipata chini ya 70 baada ya mapumziko, usiendelee na jaribio. 80 na zaidi, endelea.

PHA inafaa unapotaka kuona seli zikigawanyika kwa siku tatu. Kwa interferoni ya ndani ya seli kwa saa sita, tumia SEB, sumu ya stafilokoka, mikrogramu 1 kwa mililita, pamoja na kingamwili za CD28 na CD49d, zinazosaidia kuamsha seli T, mikrogramu 1 kila moja. Watu wazima wengi watatoa asilimia kadhaa za seli za CD4 (seli T wasaidizi) zenye interferoni. Kisima kimoja kiwe na PMA nanogramu 50 kwa mililita na ionomisini mikrogramu 1. Hicho kinakwambia kama seli zina uwezo wowote uliobaki. Kisitumike kupimia dawa bila kufikiri: PMA na ionomisini huruka kipokezi chote na kuwasha njia za ndani moja kwa moja, kwa hiyo dawa inayozuia hatua za karibu na kipokezi itaonekana haina kazi. Kila kichocheo kinaficha aina fulani ya dawa. Vivyo hivyo tofasitinibi, dawa inayozuia habari za sitokini (protini za mawasiliano ya seli) kupitia vimeng'enya vya JAK, haitaonyesha mengi kwenye jaribio la saa sita, inahitaji siku.

Deksamethasoni nayo ina mwendo wake. Inaingia ndani ya seli, inashika kipokezi chake, kipokezi kinahamia kwenye kiini na kubadilisha usomaji wa jeni, hasa kwa kuzibana NF-κB na AP-1, protini zinazowasha jeni za kinga. Kuandika jeni kunachukua muda, kwa hiyo dawa itangulie saa moja hadi mbili kabla ya SEB. Brefeldini iingie saa mbili baada ya SEB, mikrogramu 5 hadi 10 kwa mililita. Inafungia interferoni ndani ya seli, lakini pia inazuia protini nyingine zisifike kwenye utando, na seli hazivumilii muda mrefu.

Ile ampuli iache. Ndani yake kuna deksamethasoni fosfeti, ambayo lazima ikatwe fosfeti kwanza ndipo ifanye kazi, na mara nyingi huwa na vihifadhi kama alkoholi ya benzili au sulfaiti. Kwa mgonjwa haina tatizo. Kwenye kisima cha mikrolita 200 hutaweza kujua kilichoua seli ni dawa au kihifadhi, wala huwezi kununua ampuli tupu ya kulinganishia. Na vipimo vyako vilikuwa vikubwa: ampuli ya miligramu 4 kwa mililita ni kama milimola 8, kwa hiyo hata ulipoipunguza mara 10,000 ulibaki na nanomola 800. Kipokezi hujaa kwenye nanomola 100 hivi. Vipimo vyako vyote vitatu vilikuwa juu ya dari. Visingeweza kutofautiana hata kama seli zingekuwa bora kabisa.

Nunua unga wa maabara. Miligramu 3.9 kwenye mililita 1 ya DMSO ni milimola 10. Punguza mara kumi kumi ndani ya DMSO yenyewe, si ndani ya maji, hadi upate ngazi za milimola 1, mikromola 100, 10, 1, na nanomola 100. Kutoka kila ngazi chukua mikrolita 2, weka kwenye mililita 1 ya kimiminika cha seli, kisha mikrolita 100 za hiyo juu ya mikrolita 100 zenye seli milioni moja. Utakuwa na nanomola 1,000, 100, 10, 1 na 0.1, na kila kisima kina DMSO asilimia 0.1 sawasawa. Kisima cha kulinganishia kipate DMSO hiyo hiyo bila dawa. Ongeza kisima chenye mifepristoni mikromola 1 pamoja na deksamethasoni nanomola 10: mifepristoni inaziba kipokezi cha glukokotikoidi, kwa hiyo interferoni ikirudi, una ushahidi kwamba kilichozima ni kipokezi, si sumu. Mifepristoni nayo ikiwa kwenye DMSO, visima vingine viongezewe DMSO sawa na hiyo.

Kwenye kupaka rangi, weka kwanza rangi ya kutambua wafu, kwenye PBS isiyo na protini, kabla ya kufiksi (kuzikaza seli kwa kemikali). Seli mfu hunata kingamwili yoyote inayopita, na huenda sehemu ya ile 0.15 yako ni maiti tupu. Baada ya kufiksi, tundu zinazotobolewa na saponini hujifunga ukiiosha, kwa hiyo saponini asilimia 0.1 ibaki kwenye kila kimiminika mpaka kingamwili ya interferoni imeingia na iliyozidi imeoshwa. Ukiosha kwa PBS tupu katikati, kingamwili inabaki nje na mwitikio mzuri unasomeka sifuri. Kusanya angalau seli 20,000 za CD4.

Hesabu ya kuzimwa iondoe kisima kisichochochewa pande zote. Kama kisichochochewa ni 0.05, SEB na DMSO 3.05, SEB na dawa 1.55, basi kilichobaki ni 1.5 kati ya 3: dawa imezima asilimia 50.

Sasa ushauri wangu mkubwa zaidi: usigandishe kabisa. Watu wako wana afya, wapo karibu, na swali lako linahusu dawa, si mabadiliko ya miezi. Ita watu wawili kwa siku, tenganisha jioni ile ile, ziache seli zilale kwenye inkubeta, fanya jaribio kesho yake. Kila mtu ajilinganishe na nafsi yake. Damu nzima isiyotenganishwa nayo inawezekana, ila ya saa tatu asubuhi ina kotisoli ya mwili kwa mamia ya nanomola, na deksamethasoni ina nguvu mara 25 hivi tu ya kotisoli. Ngazi zako za chini zitamezwa humo. Kwa sababu hiyo hiyo, toa damu ya watu wote saa ile ile, na uliza kuhusu dawa za pumu za kuvuta, sindano za steroidi na chanjo za mwezi uliopita. Fanya kipimo cha haraka cha malaria. Mtu mwenye vimelea bila homa ana seli T ambazo tayari zimechokozwa, na namba zake za bila kichocheo zitapanda.

Kuhusu vichupa 24: yeyusha vitatu, kimoja cha mwezi wa kwanza, kimoja cha katikati, kimoja cha mwisho. Vilaze usiku, hesabu, vipe SEB na PMA. Vyote vitatu vikiwa chini ya asilimia 70, au PMA isipowasha kitu, vilivyobaki visitumike kupimia dawa. DNA iliyomo bado ni nzima, kwa hiyo kama kibali chako cha maadili kinaruhusu upimaji wa jeni, vitenge kwa kazi hiyo na uviandike upya siku hiyo hiyo, ili mwenzako asije akaviyeyusha mwakani akidhani seli zake zinafanya kazi.